Zizi Limelala

Inspekta Yordani Shemzigwa alipofika Kwamsele, kijiji kilikuwa kimekwisha kukata shauri. Marehemu alikuwa kwake, amefunikwa shuka, akingoja kuoshwa. Mtuhumiwa alikuwa ghalani, amefungwa mikono na miguu kwa kamba za katani. Vijana wenye magongo walikaa mlangoni, na kwa jinsi walivyomtazama haikujulikana kama wanamlinda asitoke au wanangoja neno moja tu waingie.

Land Rover ya polisi ilikuwa imetoka Handeni asubuhi, ikakwama kwenye tope zaidi ya mara moja. Vuli ilikuwa imeanza jana yake, baada ya ukame uliomaliza ng'ombe na kuwatia watu kwenye mahindi ya njano ya msaada, yale waliyoyaita yanga. Mvua waliyoiombea muda wote huo ilikuja alasiri, na alasiri hiyohiyo Mwinjuma akafa.

Sadala, mwenyekiti wa kijiji, alimpokea Inspekta nje ya ofisi. Alikuwa mtu mzima, mpana wa mabega, amevaa koti zito la kijeshi alilorudi nalo kutoka vita vya Burma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Inspekta. Pole na njia. Ungetuma neno tukuletee huyo mtu hukohuko Handeni, usingehangaika."

"Na maiti mngeniletea?"

Sadala alitoa leso mfukoni mwa koti, akaifungua juu ya kiganja. Ndani yake kulikuwa na kokwa moja ya ukwaju, nyeusi, inayong'aa.

"Hii aliitema Habakuki, huyo tuliyemfunga ghalani. Nimeiokota miguuni pake."

"Kokwa ndiyo iliyomuua Mwinjuma?"

"Amemuua kwa shazia yake ya kushonea magunia. Kokwa hii ni ushahidi kwamba fisi alikuwa yeye."

Yordani alimgeukia Konstebo Athuman, kijana wa Kizigua aliyekuja naye.

"Ni mchezo, afande," Athuman alisema. "Fisi Zizini. Huku unachezwa toka enzi za mababu."

Yordani alizaliwa Bungu, juu milimani, na mchezo huo hakuujua. Alimwomba mwenyekiti aeleze kilichotokea, polepole, maana alikuwa anaandika.

Sadala alieleza. Watu walikusanyika ghalani kupakia yanga na kushona magunia. Mvua ikawafungia ndani. Watu wakafurahi mno, wakaimba, kisha mtu mmoja akasema wacheze. Yeye Sadala akawa mchunga, wengine wakakaa duara wakainamisha vichwa magotini na kufumba macho.

"Macho yanayobaki wazi ni ya mchunga peke yake," alisema. "Mchunga akimwita fisi, fisi anafumbua macho, anainuka, anazunguka kimya, anamgusa mbuzi mmoja. Basi nikaita. Habakuki akainuka, akazunguka, akasimama nyuma ya Mwinjuma, akapeleka mkono shingoni. Mimi nikadhani anamgusa tu. Shazia sikuiona."

"Aliinuka kabla hujaita, au baada?"

"Baada. Fisi haamki kabla hajaitwa."

"Na fisi ni mmoja?"

"Zizi moja, fisi mmoja."

Yordani aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa, akayasoma kwa sauti, akamwomba mwenyekiti atie sahihi. Sadala akatia, bila haraka.

*

Nyumba ya Mwinjuma ilikuwa mpya kama nyumba zote za Kwamsele. Udongo wa kuta ulikuwa haujapata hata ufa. Kaka yake mkubwa, Kibwana, alikuwa kichwani mwa kitanda na ndoo ya maji ya kuoshea.

"Maiti haikai, Inspekta," alisema. "Si dini yako, lakini unajua."

"Najua, mzee. Nipe mpaka adhuhuri. Nikishindwa, mzike."

Kibwana alifunua shuka. Mwinjuma alikuwa amefungwa kitambaa toka kidevuni hadi utosini ili kinywa kisibaki wazi. Walimgeuza ubavu. Shazia ilikuwa bado pale, chini kidogo ya kisogo, imezama hadi kwenye tundu lake, na uzi wa katani ulikuwa unaning'inia. Damu ilikuwa kidogo, kama ya mtu aliyechomwa na mwiba.

"Alipiga kelele?"

"Hakupiga. Tulikaa naye vile akiwa amekufa." Kibwana alifuta uso kwa mkono wa kanzu. "Mchezo wetu, ukishaguswa, unabaki umeinama. Husemi. Umeliwa. Sisi tukafumbua macho tukaona Mwinjuma hainui kichwa, tukasema huyo kaliwa, tukaanza kubishana fisi ni nani. Tukabishana, tukacheka. Mimi nikamsifu. Nikasema, mtazameni mdogo wangu anavyojua kufa."

Yordani aliichomoa shazia kwa kitambaa, akaitazama ilivyonyooka. Iliingia kwa msukumo mmoja, penye uwazi kati ya fuvu na pingili ya kwanza ya shingo. Aliyeisukuma hakubahatisha.

"Nani alikaa karibu naye?"

Kibwana alirudisha shuka. "Mkewe. Asubuhi walikuwa wamegombana. Kijiji kizima kiliwasikia."

*

Zamda alikuwa nyuma ya nyumba pamoja na wanawake wengine, amejifunika kaniki. Yordani aliomba azungumze naye pembeni, Bibi Mwaija, mmoja wa wanawake hao, akiwa jirani kwa ajili ya heshima. Macho ya mjane yalikuwa makavu.

"Pole, mama. Mligombania nini jana?"

"Safari."

"Ipi?"

"Alitaka kwenda Handeni, kwenu, kituo cha polisi. Jumatatu. Nikamuuliza anakwenda kushtaki nini, hataki kusema. Nikamwambia watoto hawana chakula, mvua imekaribia, shamba halijalimwa, wewe unakwenda kukaa mjini kwa jambo usilotaja? Ndiyo nikapandisha sauti."

"Akajibu nini?"

Zamda alitazama chini. "Akasema, 'Nikirudi nitakwambia lote, na ukitaka kuniacha siku hiyo, niache, utakuwa na haki.' Nikajua ni mwanamke."

"Kusafiri lazima apate kibali?"

"Kibali anatoa mwenyekiti. Alikwenda kumwomba juzi."

"Akapata?"

"Aliambiwa angoje."

Yordani hakuandika hilo. Alimuuliza kama mumewe alikuwa na ugomvi na Habakuki. Zamda alitikisa kichwa. Mwinjuma na Habakuki walikuwa wakilima pamoja katika shamba la kijiji, na kama kulikuwa na mtu aliyemchukulia Habakuki kama mtu, si manamba wa mashamba ya mkonge, alikuwa Mwinjuma.

*

Ghalani kulinuka mahindi ya zamani na matope. Habakuki alikaa sakafuni ameegemea magunia, jicho moja limevimba likafumba kabisa. Baba yake alitoka Songea akaja kukata mkonge, akafia mkongeni, na Habakuki mwenyewe alizaliwa kambini huko upande wa Hale. Kazi ya mkonge ilipopungua alikuja Kwamsele kwa hiari yake, akiamini kwamba kijiji cha ujamaa ni cha kila mtu.

Yordani aliwaambia vijana wa magongo watoke. Akamfungulia mikono.

"Shazia ni yako?"

"Yangu, afande. Mvua ilipozidi niliichomeka kwenye gunia pale mlangoni, nikaenda kukaa na wenzangu. Kila mtu aliiona."

"Mwenyekiti anasema alikuona ukiinuka."

"Sikuinuka."

"Anasema ulikuwa fisi. Ana kokwa uliyoitema."

"Sikutema kitu. Nilikuwa mbuzi. Punje yangu ya mahindi niliimeza."

"Kwa nini?"

"Kwa hofu." Habakuki alipitisha ulimi kwenye mdomo uliopasuka. "Walikuwa wamenikamata mimi. Mwisho wa mchezo wote wakaninyooshea kidole, Habakuki ndiye fisi, Habakuki ateme tuone. Mimi nacheka. Nataka kutema punje niwaonyeshe. Zamda akamsukuma mumewe begani, akamwambia amka, fisi kapatikana. Mwinjuma akaenda chini vilevile alivyokuwa, magoti yamekunjwa. Ndipo tukaona shazia. Nikaiona ni yangu. Nikameza punje, nikameza na mate, sijui ningesema nini. Mwenyekiti akawa wa kwanza kusema ni huyu. Waliobaki wakanirukia."

"Nani anaweza kushuhudia kwamba hukuinuka?"

"Nani? Walifumba macho."

Nje vijana walikuwa wakimwimbia Athuman kwamba askari wa siku hizi wanawabembeleza wauaji. Yordani alitoka mlangoni, wakanyamaza. Alimwita Bibi Mwaija.

*

Bibi Mwaija alikuwa mwanamke mkongwe, mkavu, asiyepoteza neno. Kibuyu cha mchezo kilikuwa chake, na ndiye aliyewafundisha nusu ya kijiji.

"Shikamoo, bibi. Nifundishe mchezo."

"Siku ya msiba, baba?"

"Siku ya msiba. Kuna mtu atauawa pale mlangoni nisipoujua."

Bibi akaingia ghalani, akaagiza wote waliokuwapo jana waingie, kila mmoja akae alipokaa. Waliingia mmoja mmoja wakinung'unika. Zamda aliketi mahali pake. Habakuki alisogezwa alipokaa jana, miguu ingali na kamba. Sadala alikuja na debe analopiga mchunga.

"Punje ziko ndani ya kibuyu," Bibi Mwaija alianza. "Mahindi, kwa idadi ya watu, kasoro moja. Hiyo moja ni kokwa ya ukwaju. Nazitia mimi mwenyewe, mchunga hagusi. Kila mtu anatia mkono, anachukua, hatazami mbele ya wenzake. Akishajua alichopata anatia mdomoni, chini ya ulimi. Mwenye hindi ni mbuzi, mwenye kokwa ni fisi."

"Kwa nini mdomoni?"

"Watu huchungulia mikono. Na zaidi ni hivi: mkishaanza kubishana, kila mtu anasema yeye ni mbuzi. Fisi naye anasema yeye ni mbuzi. Kazi ni kumjua anayedanganya. Hindi na kokwa havikai sawa mdomoni, mwenye masikio atasikia. Mwongo mzuri husema kidogo. Mwongo mbaya humsingizia mwenzake upesi."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia.

"Mkishakubaliana, mliyemkamata anatema. Akitema hindi, mmemwonea, na fisi kashinda. Akitema kokwa, zizi limepona."

"Kokwa ya jana iko wapi?"

"Sijaiona. Mahindi yaliyotemwa wameokota kuku. Kokwa yangu imepotea, na inaniuma."

Yordani alikuwa na leso ya Sadala mfukoni, lakini hakuitoa. Aliomba wacheze. Badala ya kokwa yake iliyopotea Bibi alitia kijiwe cheusi. Yordani mwenyewe alikaa mahali pa Mwinjuma, Athuman akachukua pa mtu ambaye hakuweza kuja. Kibuyu kikazunguka. Yordani alipata hindi, akalitia chini ya ulimi, akainama, akafumba macho.

"Zizi limelala," Sadala alisema.

Kisha hapohapo: "Fisi, amka ule." Na debe likaanza kulia kwa mfululizo, zito, likifunika nyayo.

Debe likasita. Sauti ya Bibi Mwaija ilitoka gizani mwa macho yaliyofumbwa.

"Jana hukuita upesi hivyo, Sadala. Jana ulikawia. Ulisema zizi limelala, ukakaa kimya mpaka Zamda akacheka, tukadhani umesinzia."

"Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilingoja ipungue."

"Haikupungua."

"Endeleeni," Yordani alisema, kichwa magotini.

Debe likalia tena. Baada ya muda aliguswa shingoni kwa kidole, kidogo tu, akashtuka mwili mzima. Mwenye kijiwe alikuwa Athuman.

"Kumekucha!" Sadala aliita.

Waliinua vichwa. Yordani akabaki ameinama. Aliwasikia wakianza kwa shida, watu waliofiwa wanaolazimishwa kucheza, kisha mchezo ukawachukua kama ulivyozoea. Mmoja alisema yeye ni mbuzi. Mwingine akasema mbona sauti yako nzito. Wakataja jina, wakalikataa, wakataja jingine. Juu ya kisogo chake maneno yalipita kana kwamba yeye ni gunia. Hakuna aliyemuuliza kitu, maana aliyeliwa haulizwi. Hindi chini ya ulimi wake lilikuwa limeanza kulainika.

Alilisukuma kwa ulimi hadi shavuni. Akalirudisha. Kisha akanyanyuka ghafla, hata mwanamke mmoja akapiga ukelele.

"Bibi, aliyeliwa naye anatema lini?"

"Mwisho kabisa. Akishafufuka."

"Mwinjuma jana alitema?"

Yordani alilitema hindi kiganjani, akamwita Kibwana na Athuman. Mlangoni alimwambia Athuman kwa sauti ya chini awaweke wale vijana wa magongo nje ya ghala, na mtu yeyote asiondoke.

"Hata mwenyekiti?" Athuman aliuliza.

"Huyo zaidi. Kisha nifuate."

*

Walifungua kitambaa cha kidevu. Taya lilikuwa limekakamaa. Kibwana alilikanda kwa maji ya moto, polepole, akisoma dua, akimwomba mdogo wake amwie radhi kwa kumsumbua. Ilichukua muda mrefu. Mwishowe meno yaliachana, Kibwana akaingiza kidole, akapapasa chini ya ulimi, akasimama.

"Kuna kitu."

"Kitoe. Athuman, tazama."

Kibwana alikitoa, akakiweka juu ya kitambaa cheupe. Ilikuwa kokwa ya ukwaju, imelika pembeni, imefubaa kwa kupita midomo mingi.

Kwa muda Kibwana hakuelewa.

"Fisi alikuwa yeye," Kibwana alisema.

"Alikuwa yeye. Angeinuka baada ya kuitwa. Hakuinuka, kwa kuwa alipoitwa alikuwa amekwisha kufa. Jana hakuna fisi aliyeamka, mzee. Debe lililia bure."

*

Walirudi ghalani na kokwa mbili. Yordani aliziweka juu ya gunia mbele ya Bibi Mwaija, ile ya leso na ile ya kitambaa cheupe, bila kusema ipi imetoka wapi.

"Yako ni ipi?"

Bibi hakuhitaji kuziokota. Alinyoosha kidole kwenye ile iliyofubaa. "Hii. Nilianza kuichezea kabla sijavunja ungo. Tulipohamishwa bondeni kuletwa hapa niliacha vyungu, hii nikaja nayo."

"Na hii nyingine?"

"Mpya. Ukwaju uko nyuma ya ghala, zimejaa chini."

"Yako imetoka kinywani mwa Mwinjuma. Ndugu yake ameitoa kwa mkono wake. Hii mpya nimepewa na mwenyekiti. Anasema imetoka kinywani mwa Habakuki."

Vichwa viligeuka, si kwa pamoja, mmoja baada ya mwingine, hadi vyote vikamtazama Sadala.

"Kwa hiyo zilikuwa mbili kibuyuni," Sadala alisema. "Mtu alitia ya pili."

"Nilitia mimi," Bibi Mwaija alisema. "Ilikuwa moja."

"Mzee, mimi sikukamati kwa kokwa," Yordani alisema. "Nakukamata kwa maneno yako, na sahihi yako iko chini. Umesema ulimwita fisi, ukamwona akiinuka. Fisi alikuwa ameinama pale, ameshachomwa. Ulisema zizi limelala, ukakawia. Mvua inapiga bati, macho yote yamefumbwa isipokuwa yako, shazia iko mlangoni. Ulikuwa na shabaha, mzee, jeshini mlifundishwa. Ukarudi kwenye debe, ukaita. Ulitegemea fisi, yeyote awaye, ainuke amguse mtu, mambo yavurugike. Hakuinuka mtu. Bahati mbaya ulikuwa umemuua fisi mwenyewe, na hukujua."

"Kwa nini nimuue Mwinjuma? Ni mtu wangu."

"Alikuja kwako kuomba kibali cha kwenda polisi. Ulimwambia angoje. Alikuwa anakwenda kusema nini?"

Sadala alikaa juu ya debe. Koti lake lilikuwa limelowa mabegani, na mikono ilitulia juu ya magoti. Ilionekana kwamba hatasema, na pengine asingesema kabisa kama Kibwana asingetema mate mbele ya miguu yake na kumwita mchawi.

"Mnanitazama mimi peke yangu?" Sadala alisema. Alimtazama Zamda. "Muulizeni huyu mama yake alikufaje."

"Mama alikufa kwa maradhi," Zamda alisema. "Siku ya kuhama. Mimi nilikuwa nimetangulia na lori la watoto."

"Nani alikwambia?"

Aliyemwambia alikuwa mumewe.

"Tuliambiwa ifikapo jioni kule bondeni asibaki mtu," Sadala alisema. "Mama yako akakataa kutoka nyumbani kwake. Tukambembeleza. Nikasema, tia moto paa, akiona moto atatoka, wote wanatoka. Mimi nilisema. Kijinga cha moto hakikuwa mkononi mwangu. Mwinjuma ndiye aliyekiweka kwenye makuti. Tulidhani ni ukaidi. Hatukujua kwamba miguu imemwisha. Paa lilipoanguka ndipo tukajua. Tulimzika sisi wawili, tukaapa. Sasa mvua imekaribia, anasema haoni usingizi, anakwenda kusema. Angesema yake akasema na yangu."

Mwanamke mmoja alianza kulia kwa sauti. Zamda hakulia. Aliondoka mahali pake, akapita katikati ya watu, akatoka nje, na vijana wa magongo wakampisha.

Athuman alimtia mwenyekiti pingu. Alitolewa mlango wa nyuma, kwa sababu wale waliokuwa wakingoja kumuua Habakuki sasa walikuwa wamepata mtu mwingine, na magongo yalikuwa yaleyale. Yordani mwenyewe alisimama mbele ya Land Rover mpaka mlango ulipofungwa.

Habakuki alifunguliwa miguu na Bibi Mwaija, ambaye kucha zake hazikuweza kamba za katani, akatumia meno. Hakuna mwingine aliyemsogelea. Vijana waliomvimbisha jicho walitazama pembeni. Alisimama, akayumba, akachukua jembe ukutani akaenda walikokuwa wakichimba kaburi.

*

Adhuhuri ilikuwa imepita kidogo walipomtoa Mwinjuma nje akiwa ndani ya jeneza la kijiji, amefunikwa kitambaa cha kijani. Wanaume walikuwa tayari kunyanyua. Kibwana aliinua mkono, wakangoja.

Ni desturi, maiti ya mume haitoki uani kabla mke hajatoa radhi. Hutamkwa upesi, kwa sauti ndogo, hakuna aliyewahi kusikia ikikataliwa.

"Zamda," Kibwana alisema. "Mumeo anaondoka. Kama kuna alilokukosea, mwache aende salama."

Zamda alisimama kizingitini, kaniki imemfunika hadi midomoni. Wabebaji walitazamana. Mtoto wake mdogo alimshika mguu, naye akamnyanyua, akambeba begani. Mvua ilianza tena kudondoka, matone makubwa yaliyotawanyika, na hakuna aliyekimbilia ukumbini.

Alimgeukia Yordani, aliyekuwa amevua kofia kando ya ua.

"Bwana Inspekta. Aliita? Mama yangu. Aliwaita?"

"Hilo sijamuuliza Sadala."

"Utamuuliza?"

"Nitamuuliza."

"Usiniletee jibu." Alimhamisha mtoto bega la pili. "Na Jumatatu. Ni kweli alikuwa anakwenda?"

"Alikuwa anakwenda, mama. Ndiyo sababu ameuawa."

Zamda alilitazama jeneza. Kibwana alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayengoja kupigwa.

"Basi mchukueni," Zamda alisema.

Wakangoja lile neno jingine, la radhi. Halikuja. Aliingia ndani na mtoto wake, akasukuma mlango, na baada ya kutazamana kwa muda wanaume wakainama, wakamnyanyua Mwinjuma mabegani, wakatoka naye kwenye mvua.